Paketi ya "kipimo cha ini" kwenye maabara za Dodoma: inauza nini, inaacha nini

Ukizunguka maabara binafsi za Dodoma mjini utakuta paketi moja inayofanana karibu kila kaunta. Wengine huiita LFT, wengine "ini kamili", wengine "kipimo cha ini" basi. Kwa jinsi inavyouzwa tunaipa nyota mbili kati ya tano. Ukiiongezea vipimo vinne vya kawaida, ambavyo hata maabara ya wastani huwa navyo, inapanda hadi nne, na hapo inatosha kumfikisha mgonjwa mezani kwa daktari wa upandikizaji. Hatutaji maabara yoyote, maana kasoro zilizopo zimo katika namna paketi ilivyopangwa na namna damu inavyotolewa.

Ndani yake kwa kawaida kuna ALT, AST, ALP, GGT, bilirubini ya jumla na ya moja kwa moja, protini ya jumla na albumini. Baadhi huongeza kipimo cha haraka cha HBsAg, yaani homa ya ini B. Karatasi hutoka ndefu, ina mishale ya juu na chini, na mteja hurudi nyumbani akiamini ini lake lote limepimwa. Ukweli ni kwamba amepimiwa moto unavyowaka. Hajapimiwa nyumba imebaki kiasi gani.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zinapoumia. Kwenye shambulio kali hupanda hadi maelfu. Kwa mtu ambaye ini lake limejaa makovu ya miaka mingi vinaweza kupanda kidogo tu, au visipande kabisa, kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache. Ndiyo maana mwenye sirosisi anaweza kupewa karatasi yenye ALT ya 28, isiyo na mshale hata mmoja, akaambiwa yuko salama.

Vinavyosema ini linafanya kazi kiasi gani ni vitatu: bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na INR (kipimo cha muda wa damu kuganda). Albumini hukaa sana kwenye damu. Nusu yake huondoka kwa takriban siku 20, kwa hiyo ini lililoanza kushindwa wiki hii halitaonekana hapo. Protini za kugandisha damu haziishi muda huo. Ile ya namba 7 hupungua nusu ndani ya saa kama 6. Ini likiacha kuzitengeneza, INR hupanda mapema. Na INR ndiyo paketi imeiacha nje.

ALP na GGT hazihitaji maneno mengi. Zikipanda pamoja, daktari ataangalia njia ya nyongo. ALP ikipanda peke yake kwa mtoto anayekua au mama mjamzito, mara nyingi imetoka kwenye mifupa au kondo la nyuma. Bilirubini isiyo ya moja kwa moja ikiwa juu wakati ALT iko sawa, uliza selimundu na malaria kabla ya kulilaumu ini. AST ikizidi mara mbili ya ALT, mgonjwa aulizwe kuhusu pombe, na aulizwe kwa upole. Gongo na mvinyo wa zabibu zetu huishia kwenye ini lile lile.

Kipimo cha haraka cha HBsAg ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote ukilinganisha na gharama yake. Kinatafuta protini ya ganda la kirusi iliyogunduliwa na Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Tatizo lake ni mikono na joto. Vipimo vingi vya aina hii huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Boksi likishinda ndani ya gari lililofungwa vioo mchana wa Novemba, au likipangwa dirishani, limeshavuka hapo. Pakiti ifunguliwe mbele yako, si kukutwa imefunguliwa tangu asubuhi. Matone yafuate karatasi ya mtengenezaji. Damu nzima kwa kawaida huhitaji na tone la kimiminika kinachokuja ndani ya boksi. Kisha saa iwekwe. Vingi husomwa dakika ya 15, na baada ya dakika 20 hadi 30, kutegemea aina, jibu halitumiki tena, kwa sababu kipimo kinapokauka mstari ambao haukuwepo unaweza kujichora. Lakini ndani ya muda, mstari hafifu ni chanya. Hakuna "chanya kidogo". Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika na kirudiwe.

Jibu la chanya mara moja halitoshi kusema ugonjwa ni sugu; sugu ni kirusi kinapokaa zaidi ya miezi 6. Jibu la hasi nalo halisemi kwamba una kinga. Kinga huonekana kwenye kipimo kingine, anti-HBs, na kiwango kinachotafutwa ni 10 mIU/mL au zaidi, mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Ratiba ya kawaida ya mtu mzima ni dozi tatu: siku ya kwanza, mwezi wa 1, mwezi wa 6. Aliyechanjwa juzi asipimwe HBsAg kabla ya wiki tatu kupita, maana protini ya chanjo yenyewe inaweza kuleta chanya ya uongo. Na chanjo iliyoganda kwenye friji imekufa hata ikiyeyuka vizuri. Mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu.

Sasa tuje kwenye kasoro kubwa, chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda. Hizi hutoka kwenye picha kamili ya damu, FBP, ambayo karibu kila maabara inayo. Ini likijaa makovu, damu hurudi nyuma kuelekea bandama, bandama huvimba na kuzishikilia chembe sahani, na hesabu yake hushuka kimyakimya miaka kabla ya tumbo kujaa maji. Ukichukua AST na chembe sahani unapata kipimo cha makovu bila mashine yoyote, kiitwacho APRI. Gawa AST ya mgonjwa kwa kikomo cha juu cha maabara, gawa tena kwa chembe sahani (zikiandikwa kwa mabilioni kwa lita, kama 190), kisha zidisha kwa 100.

Mfano. AST ni 44, kikomo ni 40, chembe sahani ni 190. Jibu ni 0.58. Kwenye karatasi ya paketi AST hiyo ina mshale mdogo ambao hakuna anayeujali. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unasema mtu mzima mwenye homa ya ini B sugu na APRI zaidi ya 0.5 anastahili kuanzishiwa dawa, na zaidi ya 1 afikiriwe kuwa na sirosisi. Mgonjwa wa pili ana AST 72 na chembe sahani 110. APRI yake ni 1.64. Huyu hapaswi kurudishwa nyumbani na vitamini.

Mwongozo huo huo unataja kikomo cha ALT cha 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Karatasi nyingi huchapa 40 au zaidi, kwa jinsia zote. Mwanamke mwenye ALT ya 35 hupewa "kawaida" na mashine, ilhali kwa kipimo cha mwongozo amevuka karibu mara mbili. Usiisome alama ya maabara peke yake, soma namba.

Damu yenyewe huharibikaje? Kwanza, chembe nyekundu zina AST ndani yake. Mpira wa mkononi ukikazwa muda mrefu, sindano ikiwa nyembamba mno, damu ikisukumwa kwa nguvu kutoka bomba hadi kichupa, chembe hupasuka na AST hupanda bila ini kuhusika. Maji ya juu yakiwa mekundu baada ya kuzungushwa, sampuli itupwe na damu itolewe upya. Pili, kichupa cha zambarau cha FBP kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu kinapojaa. Kisipogeuzwa damu huganda vipande vidogo na mashine huhesabu chembe sahani chache kuliko zilizopo. Wapo pia watu ambao chembe zao hushikana zinapogusa dawa ya kichupa hicho hata kama mpimaji hana kosa. Hesabu ya chini kwa mtu mwenye afya ithibitishwe kwa darubini, au irudiwe kwa kichupa cha bluu. Mgonjwa wetu wa pili, kama chembe zake za kweli ni 240, APRI yake si 1.64 bali ni 0.75, na mazungumzo yote hubadilika.

Tatu, mwanga. Bilirubini huvunjwa na mwanga, na sampuli iliyosahaulika mezani penye jua inaweza kutoa namba iliyo chini ya ukweli. Vituo vinavyotuma damu mjini kwa bodaboda vifunge vichupa gizani, ndani ya kiboksi chenye ubaridi, visiwekwe kwenye mfuko wa shati.

Nne ni kichupa cha bluu cha INR, na hapa ndipo makosa hutokea zaidi. Ndani kuna sitreti, na uwiano ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Kijazwe mpaka kwenye alama, si nusu, si robo tatu. Kikipungua, sitreti inayozidi huchelewesha kuganda na INR hupanda bure. Tuone gharama yake hapa chini.

Mwaka 2000 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa hesabu ya kukadiria nani angekufa ndani ya miezi mitatu baada ya kuwekewa njia ya kupitisha damu ndani ya ini. Februari 2002 Marekani ikaanza kuitumia kugawa maini ya kupandikiza: mgonjwa zaidi atangulie, si aliyesubiri zaidi. Inaitwa MELD. Ya asili inahitaji vitu vitatu tu: bilirubini, INR na kreatinini (kipimo cha figo). Sodiamu iliongezwa kwenye ugawaji wa Marekani mwaka 2016. Toleo la 3.0, linalotumika huko tangu Julai 2023, likaongeza albumini na jinsia, kwa sababu wanawake wana misuli kidogo, kreatinini yao husomeka chini, na walikuwa wakiachwa nyuma kwenye foleni.

Kwa hiyo kipimo kinachosaidia kuamua nani apewe ini katika nchi nyingi kinatoka kwenye vichupa ambavyo vinapatikana hapa hapa Dodoma. Paketi ina bilirubini na albumini. Haina INR, haina kreatinini, haina sodiamu. Ukiongeza na chembe sahani, hivyo ndivyo vinne tulivyovisema mwanzoni.

Mtego upo kwenye vizio. Hesabu hutumia miligramu kwa desilita, na karatasi zetu nyingi huja kwa mikromoli kwa lita. Bilirubini igawe kwa 17.1, kreatinini kwa 88.4. Bilirubini ya 68 ni kama 4.0, kreatinini ya 106 ni 1.2. Ukiweka INR ya 1.8, MELD ya asili inatoka 20. Ukisahau kugawa, unapata namba ya mtu aliyekwisha kufa. Sasa chukua mgonjwa yule yule, kichupa cha bluu kikiwa nusu, INR isomeke 2.4: MELD inaruka hadi 23 na ini lake halijabadilika hata kidogo. Kwa kawaida MELD ya 15 na kuendelea ndiyo inayofungua mjadala wa kupandikiza. Chini ya hapo hatari ya upasuaji mara nyingi huzidi faida, isipokuwa kuna uvimbe au tatizo jingine maalumu.

Dodoma inapandikiza figo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kazi hiyo mwaka 2018. Ini ni upasuaji mwingine kabisa, na wanaolihitaji hupelekwa nje, wengi India, kwa gharama ya makumi ya maelfu ya dola. Huko kipande mara nyingi hutoka kwa mtu aliye hai. Mtoaji hukatwa sehemu ya kulia ya ini, takriban asilimia 60 ya ini lake, na anapaswa kubaki na asilimia 30 au zaidi. Kinachopandikizwa kinatakiwa kifike asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa, yaani mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 480 kwenda juu. Ini la mtoaji hukua tena kwa wiki na miezi. Ini lenye mafuta mengi hukataliwa, na hapo familia hugundua kwamba yule kaka mnene aliyejitolea kwanza hafai.

Karatasi husumbua kuliko damu. Sheria ya India ya 1994, pamoja na marekebisho na kanuni zake, inataka ubalozi uthibitishe uhusiano wa mtoaji na mgonjwa kwenye Fomu 21, na kamati iidhinishe. Ndugu wa karibu wanaotajwa ni mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, mababu na wajukuu. Baba mdogo, ambaye kwetu ni baba tu, hayumo. Wala binamu hayumo. Majina ya kwenye NIDA, cheti cha kuzaliwa na pasipoti yalingane herufi kwa herufi kabla ya tiketi kukatwa.

Wengi huuliza habari za mashine zinazohifadhi ini likiwa na joto la mwili. Utafiti wa maini 220 uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature ulionyesha jeraha la ini likipungua kwa nusu ukilinganisha na kuhifadhi kwenye barafu, na maini yaliyotupwa yakipungua kwa nusu vilevile. Ni kazi kubwa ya kisayansi. Kwa mgonjwa anayetoka Mpwapwa na mdogo wake wa kumtolea yuko chumba cha jirani, haibadilishi kitu. Kinachombadilishia maisha ni tacrolimus, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, atakayomeza baadaye kila siku, ambayo kiwango chake hupimwa kwenye damu kabla ya dozi ya asubuhi. Rifampisini ya TB huishusha vibaya, flukonazoli huipandisha. Kabla ya kuondoka nchini uliza ni maabara ipi itakupimia utakaporudi.

Altrasaundi haimo kwenye paketi na iongezwe kwa yeyote mwenye HBsAg chanya. Ripoti ya "ini liko sawa" haina kazi. Ripoti ya maana itaje ukingo wa ini, laini au wenye vinundu; upana wa mshipa wa lango (mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini), ambao kwa kawaida hauzidi milimita 13; urefu wa bandama; maji tumboni; na uvimbe wowote kwa sentimita na mahali ulipo. Sentimita hizo zina uzito. Vigezo vya Milan vya 1996 vinakubali kupandikiza kama uvimbe ni mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi mitatu, kila mmoja usiozidi 3, bila kuingia kwenye mishipa. Mwenye sirosisi apimwe kila miezi 6, akiwa hajala kwa saa 6 hivi. Uvimbe wa chini ya sentimita 2 kwenye ini lenye vinundu hupotea machoni kirahisi, kwa hiyo AFP, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini, iambatane.

Mashine ya kupima ugumu wa ini, ukiipata, ni nzuri lakini si ya lazima. Mgonjwa akae bila kula angalau saa 3, vipimo 10 vichukuliwe, na kikomo ni 7 kPa kwa makovu ya kutibiwa, 12.5 kwa sirosisi. ALT ikiwa juu sana siku hiyo, ugumu husomeka kupita kiasi. Tumbo likiwa na maji, usilipie.

Kwa wakazi wa kanda hii paketi inaacha pia swali ambalo halihitaji hata sindano: mahindi na karanga vimehifadhiwaje? Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumukuvu na homa ya ini B zikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya saratani ya ini huzidi sana ile ya kila moja peke yake. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini, yasianikwe chini mchangani, na karanga zilizonyauka zitupwe, zisisagwe za kupikia mboga. Kuhusu chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa jirani na maabara hizo hizo: hakuna kinachosafishwa, na baadhi ya mitishamba huumiza ini lenyewe.

Kaunta, basi, sema hivi: nataka LFT, FBP yenye chembe sahani, INR kwa kichupa kilichojaa, kreatinini, sodiamu, HBsAg, na vizio viandikwe. Ukitoka chanya, uliza pia wingi wa kirusi. Mashine ya GeneXpert, ile inayopima TB, ina katriji ya kazi hiyo na hutoa jibu kwa takriban saa moja, ingawa si kila kituo chenye mashine kina katriji hiyo. Na kabla ya kumeza tenofovir, dawa ya homa ya ini B, ya miligramu 300, pima VVU, maana dawa hiyo peke yake kwa mtu mwenye VVU hufundisha kirusi usugu. Ukishaanza usiiache ghafla bila daktari, hata ALT ikishuka hadi 20. Kirusi kinaweza kurudi kwa kishindo na kuliangusha ini ndani ya wiki chache.